Nyatiti au kipimamvua? Ulinganisho kwa anayetafuta ala ya kuandikia tasnifu Kisumu na Magharibi

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja alasiri akitoka soko la Kibuye, mkono mmoja mfuko wa sukumawiki, mkono wa pili karatasi kutoka kwa msimamizi wake chuoni. Agizo lilikuwa fupi: achague ala moja, achunguze ilivyoundwa na inavyotumiwa, alete pendekezo la utafiti baada ya majuma matatu. Haikusemwa kama ni ala ya muziki au ya sayansi.

"Mjomba, nimechuja nikabaki na mbili," akasema hata kabla hajaketi. "Nyatiti, ama kile kipimamvua cha shule ya Bunyore nilikofanyia mazoezi ya ualimu. Nishike ipi?"

Sikumjibu siku hiyo. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na kipimamvua cha shule kilikuwa chini ya uangalizi wangu. Baadaye niliandika tasnifu ya uzamili kuhusu nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Zote mbili nilizikosea mwanzoni. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya kila mwanafunzi wa Maseno, wa Kakamega au wa Njoro aliyesimama kwenye njia panda hiyo hiyo.

Kwanza, usiogope kuambiwa unachanganya mambo

Watakuambia muziki ni muziki na sayansi ni sayansi. Kiswahili chenyewe hakikubali. Ala ni kitu cha kufanyia kazi: tuna ala za muziki, na wanaisimu huita ulimi, meno na midomo ala za sauti. Huko Uingereza wachunguzi wa vitu hivi walijigawa, wa muziki wakaunda Galpin Society mwaka 1946 na wa sayansi wakaunda Scientific Instrument Society mwaka 1983. Lakini ukiwafuatilia mabingwa wa zamani utakuta mguu mmoja uko huku na mwingine uko kule. Charles Wheatstone, ambaye mwanafunzi wa fizikia humjua kwa daraja la kupimia ukinzani wa umeme, ndiye aliyeunda konsatina, ala ndogo ya muziki ya kubana na kuvuta kwa mikono. Erich von Hornbostel, aliyeandika pamoja na Curt Sachs mwaka 1914 mfumo wa kuainisha ala za muziki ambao makumbusho mengi yanautumia hadi leo, alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia.

Kwa hiyo swali si uko upande gani. Swali ni hili: ukishika ala hii, utaweza kumfikia nani, utapima nini, na utapata majibu kabla ya siku ya kuwasilisha?

Nyatiti: ala isiyoishia kwenye mbao

Nyatiti ni kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane. Gogo hufukuliwa likawa bakuli, bakuli likawambwa ngozi ya ng'ombe, kisha mikono miwili ya mti ikapanda kutoka kwenye bakuli na kuunganishwa juu kwa mti uliolazwa. Nyuzi hufungwa kwenye mti huo juu ya vitambaa vilivyozungushwa kwa nguvu. Ukisokota kitambaa, uzi hukaza. Chini, karibu na ngozi, vipande vya tete vilivyobandikwa kwa nta huzipa nyuzi ule mvumo wenye mikwaruzo ambao mgeni hudhani ni ubovu, kumbe ndio utamu unaotafutwa.

Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa ubavuni mwake karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala. Mguuni amefunga njuga, gara. Vidole vinapiga nyuzi, mguu unapiga mdundo, njuga zinajibu, na juu ya yote anaimba, anasifu, anamtaja aliyefariki na ukoo wake. Kundi zima la muziki limekaa juu ya kigoda kimoja.

Hapa ndipo nyatiti inapokuwa tajiri kwa mtafiti. Katika mfumo wa Hornbostel na Sachs, nyatiti iko namba 321.21, vinubi vyenye mwili wa bakuli. Namba hiyo ni sahihi kabisa kwa kile kilichotundikwa ukutani kwenye makumbusho. Lakini haisemi lolote kuhusu mguu. Pete na njuga zinaangukia kundi lingine kabisa, kundi la vitu vinavyolia vyenyewe vikigongwa au kutikiswa. Maana yake mfumo huo unamkata mpigaji mmoja vipande vitatu na kuvipeleka kwenye kabati tofauti. Mwenyewe haoni ala tatu. Anaona thum, neno ambalo kwa Kijaluo hubeba ala hiyo na muziki wenyewe pamoja. Mwanafunzi akilishika swali hilo moja tu, ala inaishia wapi, ana tasnifu mkononi.

Liko pia suala la nyuzi. Zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Leo ni nailoni ile ile ya kuvulia samaki, na kwa watu wa ziwani si ajabu: fundi huenda kwenye duka linalomuuzia mvuvi, akachagua unene kwa kuugusa. Badiliko hilo limegusa kila kitu. Mshipa hunywa unyevu na kulegea mvua ikinyesha. Nailoni ina tabia yake nyingine. Unene wa nailoni huuzwa kwa vipimo vya kiwandani, kwa hiyo fundi ana ngazi ya unene ambayo babu yake hakuwa nayo. Anachagua upi kwa uzi wa kwanza, upi kwa wa nane, na kwa nini? Nenda Dunga, nenda Siaya, kaa na mafundi watatu, waulize swali hilo huku umeshika mikrometa, kifaa cha kupimia unene. Hiyo ni kazi ya kweli ya uchunguzi wa muundo, na mashine yake inaingia mfukoni.

Sasa kosa langu. Nilipokuwa naanza, nilitaka kupata "skeli ya nyatiti", yaani ngazi ya sauti zake. Njia ilikuwa tayari tangu mwaka 1885, Alexander Ellis alipotoa kipimo cha senti: okteva moja, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile inayotetema mara mbili yake, imegawanywa sehemu 1200, hivyo umbali kati ya sauti mbili unaweza kuandikwa kwa namba bila kujali zimeanzia wapi. Uzi mmoja ukilia hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde, na mwingine 247, umbali wao ni senti 200 hivi, sawa na hatua nzima ya piano. Nikaweka programu ya kupima masafa kwenye simu, nikamwomba mzee mmoja mpigaji wa Alego, Siaya, apige uzi mmoja mmoja, nikajaza jedwali. Jioni ile ile mafua yalimpata kidogo. Siku ya pili alipokaa kuimba, alisokota vitambaa vyote nane, nyuzi zikashuka, na hazikushuka kwa kiasi kimoja. Jedwali langu la jana halikulingana tena na ala iliyokuwa mbele yangu.

Nikamweleza kwamba vipimo vimeharibika. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, jana ulipima nyatiti au ulipima koo langu?"

Sijawahi kusikia swali bora zaidi kuhusu ala. Nyuzi zilikuwa zimekazwa kuifuata sauti yake ya siku ile. Kipimo cha kweli kilitakiwa kirudiwe siku nyingi, asubuhi na jioni, kabla ya wimbo na baada ya wimbo, pamoja na sauti ya mwimbaji mwenyewe. Ellis naye alilijua hilo kwa njia yake: hakuwa na sikio la muziki, akamtegemea Alfred Hipkins, mtu wa kampuni ya piano, amsikilizie. Mwenye namba alihitaji mwenye sikio. Ukichagua nyatiti, mpate Hipkins wako mapema, na awe mpigaji, si mwanafunzi mwenzako.

Faida nyingine ya nyatiti ni kwamba hutaanza jangwani. Washington Omondi alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha London mwaka 1980 kwa utafiti wake juu ya thum. Graham Hyslop na George Senoga-Zake waliandika juu ya ala za Kenya kwa jumla. Wote watatu walikuwa kwenye jopo lililotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963, kwa hiyo hawa si wageni kwetu. Lakini hiyo pia ni mtego. Ukisema tu "nitachunguza nyatiti", msimamizi atakuuliza unaongeza nini juu ya Omondi. Uwe na jibu dogo na la wazi: unene wa nyuzi, mguu, au jinsi ala inavyobadilika ikitengenezwa kwa ajili ya jukwaa na maikrofoni baada ya mwanamuziki Ayub Ogada kuifikisha mbali duniani.

Kwa mpwa wangu nililazimika kuongeza neno. Nyatiti ilikuwa ala ya wanaume, na kwa muda mrefu mwanamke kuipiga ulikuwa mwiko. Mambo yamelegea, Eriko Mukoyama kutoka Japani, anayejulikana kwa jina la Anyango, alijifunza kwa mwalimu wa Siaya na akaitwa mpigaji. Hata hivyo, binti anayekwenda kijijini atafute kwanza mtu wa kumpeleka, aulize kabla ya kugusa, na asikasirike akiambiwa asubiri. Pia nyatiti nyingi nzuri utaisikia matangani. Kurekodi matangani bila idhini ya wenye msiba ni ukosefu wa adabu kabla haujawa kosa la utafiti.

Kipimamvua: ala ya watu ambao hawajui wanatumia ala

Sasa geuka upande wa pili. Kipimamvua cha kawaida ulichokiona kwenye viwanja vya shule na ofisi za kilimo ni muundo tuliorithi kutoka Uingereza: faneli ya mviringo yenye kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127, chupa ndani ya kopo, na silinda ya kioo iliyochorwa mistari. Kila siku saa tatu asubuhi mtu hukifungua, humimina maji kwenye silinda, husoma, huandika kwenye daftari, hurudisha chupa. Basi. Hakuna betri, hakuna skrini.

Usidanganywe na unyonge wake. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Mdomo wa faneli ya milimita 127 una eneo la sentimita za mraba 127 hivi, kwa hiyo milimita moja ya mvua huleta mililita kama 12.7 za maji ndani ya chupa. Ndiyo sababu silinda ya kipimamvua ni nyembamba na mistari yake imetanuliwa: imechorwa ilingane na faneli hiyo hiyo. Faneli na silinda ni mke na mume. Ukiwatenganisha, namba zinakuwa uongo.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Shule moja niliyofundisha, silinda ilipasuka muhula ulipokuwa katikati. Tukachukua silinda ya maabara ya kemia, ya mililita, na mwanafunzi wa zamu akaendelea kuandika kile alichokiona. Mwezi ukaisha. Siku moja nikafungua daftari nikakuta 152 kwenye safu ya milimita, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimetembea hadi kituo cha matatu bila hata viatu kulowa sana. Maji yalikuwa mililita 152, yaani mvua ya milimita 12. Tulirudi nyuma tukagawanya kila namba, lakini nilibaki na swali lililonikosesha usingizi: ni madaftari mangapi mengine yana mwezi kama huo, na hakuna aliyekuwepo kukumbuka silinda iliyopasuka?

Hapo ndipo utafiti wa matumizi ya ala unapoanza. Kipimamvua si kopo pekee. Ni kopo, silinda, daftari, na mtoto wa kidato cha pili aliyeamka akiwa na njaa. Chukua daftari la miaka kadhaa ulisome kama mpelelezi. Jumapili ziko wapi? Kama Jumapili hakuna namba na Jumatatu ina namba kubwa, maji ya siku mbili yamemiminwa pamoja. Mwezi wa likizo uko wapi? Namba zinapenda kuishia na sifuri na tano? Basi msomaji anakadiria, hasomi mstari. Mwandiko umebadilika lini, na namba zikabadilika pamoja nao? Mvua ya jana jioni imeandikwa chini ya tarehe ya jana au ya leo? Huku kwetu swali hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu mvua nyingi ya upande wa ziwa hushuka alasiri na jioni, kisha husomwa asubuhi inayofuata.

Halafu ondoka kwenye daftari uende uwanjani. Kanuni ni kwamba kizuizi chochote, mti au jengo, kiwe mbali na kipimamvua angalau mara mbili ya urefu wake kinavyopanda juu ya mdomo wa faneli. Mti ulipandwa lini? Bweni jipya lilijengwa lini? Chukua tepu, chora ramani ya uwanja, waulize walimu waliostaafu na mlinzi. Nimeona kipimamvua kilichowekwa vizuri kabisa na mtu mwenye bidii, kisha shule ikapanda mstari wa grevilea kwa nia njema, na miaka ilipopita majani yakawa yanakinga mvua. Hakuna aliyekosea. Ala imebadilika bila kuguswa.

Historia yake pia ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Korea walikuwa na kipimamvua cha kipimo kimoja kwa nchi nzima katika miaka ya 1440. Huko Uingereza, George Symons alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo kutoka kwa watu wa kujitolea, na alipofariki mwaka 1900 mtandao wake ulikuwa na wasomaji zaidi ya 3,000. Kwa hiyo mwalimu wa Emuhaya anayetuma namba zake yuko katika ukoo mrefu. Sasa hivi ukoo huo unabadilika tena: TAHMO, mradi wa kupima hali ya hewa barani Afrika, umeweka vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha katika shule za Kenya, vikituma data vyenyewe bila zamu ya mwanafunzi. Ukipata shule yenye kopo la zamani na kituo kipya, umepata ulinganisho ambao mtu wa Nairobi angeuonea wivu.

Lakini kinachonifanya niseme Bunyore, huko Vihiga, na si mahali pengine, ni ukoo wa Nganyi. Wazee hawa wa Vihiga wanajulikana tangu zamani kwa kutabiri mvua: wanatazama miti inavyochanua na kupukutisha, wadudu, ndege, upepo. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekaa nao, wakalinganisha dalili za wazee na mahesabu yao, wakatoa utabiri wa pamoja wa msimu. Fikiria kipimamvua kilichosimama mwendo mfupi kutoka kwa wazee hao. Mti wa mzee ni ala au si ala? Unasomwa kwa wakati maalumu, na mtu aliyefunzwa, na usomaji wake hutolewa uamuzi wa kupanda mahindi. Mimi nasema ni ala. Mpwa wangu akitaka kunipinga, apinge kwa ushahidi, na hiyo itakuwa sura nzima.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Muda ndio unaotofautisha zaidi. Nyatiti haikubali haraka. Miezi miwili ya kwanza utakuwa unanyweshwa chai na kuulizwa wewe ni wa nani. Kipimo cha maana kinataka kurudiwa, na kama huna Kijaluo cha kutosha utakosa nusu ya jambo, kwa sababu mpigaji hufafanua ala yake ndani ya wimbo. Kipimamvua kinakupa data siku ya kwanza: daftari lipo, uwanja upo. Mwenye muhula mmoja asidanganye nafsi yake.

Kwa pesa, hakuna kubwa sana upande wowote. Nyatiti itakugharimu nauli, zawadi ya heshima kwa mzee, na pengine ununue ala ili ujifunze kuishika; usiandike juu ya ala ambayo hujawahi kukaa nayo kigodani. Kipimamvua ni nauli ya matatu ya Busia, ushuke Luanda, basi. Ukitaka kulinganisha na rekodi za taifa utaandika barua rasmi kwa Idara ya Hali ya Hewa, kwa hiyo barua hiyo iwe ya kwanza kutoka mezani pako.

Kuhusu vibali, kwa ala yoyote utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na baraka za kamati ya maadili ya chuo. Lakini nyatiti ina mzigo wa ziada. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaipa jamii haki juu ya kile unachokirekodi. Elewaneni mapema na mpigaji: rekodi itakaa wapi, nani ataisikia, jina lake litajwe au lisitajwe. Wazee wengi wamerekodiwa na wageni na wasisikie tena sauti zao wenyewe. Usiwe wa namna hiyo. Ukiwaingiza wazee wa Nganyi kwenye kazi ya kipimamvua, mzigo huo huo unakufuata na huko.

Kwa namba, kipimamvua kinashinda mwanzoni na nyatiti inashinda mwishoni. Namba za mvua zinakuja tayari lakini zinaficha watu. Kazi yako ni kuwafukua. Namba za nyatiti ni ngumu kupata, lakini kila moja inakuja na uso wa mtu.

Na aibu, maana hilo nalo ni la kupimwa. Ukiandika juu ya nyatiti, ndugu zako watakuelewa. Ukisema unaandika juu ya kopo la mvua, watakuuliza kama karo ililipwa kwa ajili ya hiyo. Kaza moyo. Kopo hilo ndilo linaloambia nchi ikiwa Vihiga imepata mvua au imekosa.

Nyingine nilizozipima nikaziweka kando

Obokano ya Wakisii ingenivutia kama ningekaa Kisii: ni kinubi kikubwa chenye sauti nzito inayotetemesha kifua. Litungu ya Wabukusu, kwa kawaida nyuzi saba, inafaa kwa aliye Bungoma, na kuilinganisha na nyatiti ni mada nzuri kwa wawili wanaoandika pamoja. Isukuti ya Isukha na Idakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Anayeishi Kakamega asiipite. Ila isukuti haipigwi na mtu mmoja chumbani. Utafiti wake ni utafiti wa kundi zima na mahali pake, na unataka timu.

Kwa sayansi, hadubini ya kuchunguzia malaria ina hadithi kubwa katika Kisumu hii, lakini nyuma ya kila kioo kuna mgonjwa, na kamati ya maadili itakuchukulia miezi. Sahani ya Secchi naipenda sana: kisahani cha kushusha majini hadi kisionekane, kilichobuniwa na Angelo Secchi mwaka 1865, na bado kinapima ung'avu wa maji ya ziwa. Mwanafunzi aliyezaliwa ufukweni, mwenye baba au mjomba mwenye mtumbwi, aifikirie. Huyu wangu anaogopa maji, kwa hiyo hatukuijadili zaidi.

Nilichomwambia

Kama ungekuwa na mwaka mzima, Kijaluo cha ndani na mzee aliyekubali kukufundisha, ningesema nyatiti bila kusita. Moyo wangu uko huko. Mtu anayeijua fizikia ya nyuzi na akavumilia kukaa chini kwenye kigoda ataona mambo ambayo mwanamuziki peke yake au mwanafizikia peke yake hawezi kuyaona.

Lakini una muhula mmoja na nusu. Unasema Kinyore cha nyumbani kwa bibi yako. Mwalimu mkuu wa shule ile anakukumbuka. Unapenda madaftari ya zamani kuliko vinasa sauti. Nimekujua hivyo tangu ukiwa darasa la tatu ukipanga risiti za mama yako kwa tarehe. Shika kipimamvua. Usikishike peke yake. Shika na silinda yake, mti wake, mwanafunzi wake na wazee wa Nganyi walio jirani. Na ukifika, kabla ya kusoma hata namba moja, pima mdomo wa faneli na uhakikishe silinda iliyopo ni yake.

Alikwenda Jumatatu iliyofuata. Saa tatu na robo asubuhi alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Faneli ni milimita 127, silinda ni yenyewe. Agosti yote ni tupu, kama nilivyotarajia. Lakini kwenye safu ya Aprili, kando ya namba 31.4, mtu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo za mtoto mwangalifu: "mvua ya mawe". Ameniuliza kama mawe yale yaliyeyushwa kwanza ndipo yakapimwa, au yalimwagwa nje yakapimwa maji peke yake.

Nimemjibu amtafute aliyeandika.